Je, Wajua? Askari Akitenda Jinai Nje ya Zamu, Fidia Hulipwa na Nani?

Je, wajua kwamba askari anaweza kutenda jinai akiwa hayuko zamuni, amevaa kiraia, na bado mahakama ikaiamuru Serikali imlipe fidia aliyeumizwa? Kifungo atakitumikia mwenyewe. Fidia ni shauri jingine, la madai, na humo ndimo inamoingia dhima ya mwajiri: tajiri kubeba kosa la mtumishi wake hata kama hakumtuma.

Kesi inayoniuma kuliko zote ni ya Afrika Kusini. Oktoba 1998, mjini George, binti wa miaka 13 alikwama usiku klabuni, hana usafiri wa kurudi nyumbani. Mpelelezi wa polisi akampa lifti. Gari lilikuwa la polisi ingawa halikuwa na nembo, na binti aliona redio ya upepo na majalada ya kesi. Njiani yule mtu aliposimama gizani, binti alishtuka, akakimbia, akajificha. Baadaye akitafuta lifti nyingine, gari lilelile likamrudia. Usiku ulikuwa mkubwa. Akapanda kwa shingo upande. Akabakwa.

Serikali ilijitetea kwamba mtu huyo hakuwa kazini, alikuwa tu kwenye orodha ya kuitwa dharura ikitokea. Mahakama ya Rufani ilikubali utetezi huo. Desemba 2011 Mahakama ya Katiba ikautengua, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng. Gari lile alipewa na Serikali ili aitwe saa yoyote, na ndilo lililomsogeza kwa binti. Binti naye alimwamini kwa sababu alimwona ni polisi. Nadhani majaji walitenda haki kamili: mtoto wa miaka 13 barabarani usiku ataiulizia wapi ratiba ya zamu?

Msingi wa hukumu hiyo uliwekwa mwaka 2005, katika kesi ya msichana wa miaka 20 aliyebakwa na askari watatu. Hao walikuwa zamuni, wamevaa sare, na walimchukua kwa ahadi ya kumfikisha nyumbani. Jaji Kate O'Regan alieleza kwamba askari wale, katika dakika zilezile walizokuwa wakimdhuru, walikuwa pia wakiutelekeza wajibu wao wa kumlinda. Kosa lilikuwa lao, na wajibu uliovunjwa ulikuwa wa Serikali.

Je, wajua kwamba hata fundi makanika amewahi kuiponza Serikali? Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1986, hukohuko Afrika Kusini, makanika aliyeajiriwa na polisi, nje ya saa za kazi, bila sare, akiendesha gari lake binafsi, alimkamata raia bila haki, akampiga na kumfungulia mashtaka. Serikali ilibebeshwa dhima kwa sababu alijifanya yuko katika kazi ya polisi.

Uingereza nako, mwaka 2003, mkuu wa polisi wa Merseyside alibebeshwa dhima ya askari aliyekuwa mapumzikoni akimsaidia mpenzi wake kuhama, tena kwa gari la polisi alilolichukua bila ruhusa. Alimshuku kijana mmoja kwamba anapekua mizigo. Akajitambulisha kuwa ni polisi, akamsukuma ngazini na kumfungia ndani ya gari.

Mwaka uliofuata, Baraza la Kifalme la London, linalosikiliza rufaa za mwisho za Jamaica, liliamua kesi ya mtu aliyekuwa kwenye foleni ya simu jijini Kingston mwaka 1990. Alikuja mtu akasema ni polisi, anaitaka simu. Alipokataliwa, akampiga aliyekuwa kwenye foleni risasi ya kichwa. Majeruhi alizinduka hospitalini, amefungwa pingu. Serikali ya Jamaica ikawajibika.

Wakati mwingine mdai hushindwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa kuwabebesha polisi dhima ya askari aliyekuwa nje ya zamu lakini na sare yake, aliyekabidhiwa mwanamke mlevi nje ya klabu, akaenda kumbaka. Hukumu hiyo siikubali. Sare ndiyo iliyomfanya akabidhiwe.

Kisha kuna mlango wa pili, ambao wengi hawaujui. Februari 1994, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, askari pekee wa kisiwa cha Jost Van Dyke aliacha lindo lake, akachukua bastola ya kituo, akavuka hadi kisiwa kingine na kufyatua risasi ndani ya baa alimokuwa mzazi mwenzake. Mteja mmoja aliumia. Mwaka 2004 Baraza lilisema hiyo haikuwa kazi ya polisi hata kidogo. Hata hivyo Serikali ililipa, kwa uzembe wake yenyewe wa kumwachia silaha mtu ambaye wakubwa wake walikwishapata taarifa za vurugu zake.

Na kwetu? Mwaka 1967, katika kesi iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema kwamba mwajiri huweza kuwajibika hata kitendo cha mtumishi kikiwa jinai, mradi ni namna ya kutimiza kazi aliyopewa. Anayetaka kudai asilale. Tanzania, Sura ya 5 ya sheria inataka Serikali ipewe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na nakala ifike kwa Mwanasheria Mkuu. Kenya, madai ya madhara dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12.