Injini Zikizima Angani, Rubani Anabaki na Nini?



Mwezi uliopita mama mmoja alinivuta pembeni baada ya masomo. Familia yake imepata nafasi ya kwenda Kanada. "Mwalimu," akauliza, "injini zikizima huko juu, si ndiyo tumekwisha?" Sikucheka, maana mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Nikatafuta kusoma, nikakuta kisa cha huko huko Kanada.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa inakwenda Edmonton na watu 69. Kipimo cha mafuta kilikuwa kibovu, hivyo hesabu ikafanywa kwa mkono. Wakachanganya ratili na kilo! Ratili moja haifiki hata nusu kilo. Sisi wa mgao tunajua: kipimo kikikosewa, familia inalala njaa. Ndege ile iliishiwa mafuta njiani, injini zote mbili zikazima. Umeme wake hutoka kwenye injini, basi hata vioo vya kompyuta mbele ya marubani vikawa giza.

Walibaki na nini? Walibaki na vipimo vidogo vya akiba: dira, kipimo cha mwendo, cha urefu kutoka chini, na kile kinachoonyesha kama ndege imelala upande. Tena kuna pangaboi dogo linalofichwa tumboni mwa ndege. Lilitoka, likazungushwa na upepo, likawapa nguvu ya kuongoza ndege.

Ndege isiyo na injini haianguki kama jiwe, huteleza hewani kama mwewe asiyepiga mabawa. Kapteni Robert Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege ndogo zisizo na injini. Akatua Gimli, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga. Gurudumu la mbele halikushika, pua ikaburuzika chini, lakini hakuna aliyekufa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Na abiria naye ana akiba yake:
- Funga mkanda.
- Mtazame mhudumu anapoonyesha, hata kama lugha yake huielewi.
- Hesabu viti mpaka mlango wa dharura, ili hata gizani uufikie kwa kupapasa.
- Mkiambiwa tokeni, acheni mizigo.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. Jumamosi niliwakuta watoto wake wamepanga mabenchi ya darasa, wamefumba macho, wanahesabu viti kwa mikono.