Dondakoo: Ugonjwa Usioishia Kooni

Katika elimu ya sumu za bakteria, nimependa tuanze na dondakoo, na tuanzie Sumbawanga, huku juu Ufipa, mji ambao wenyeji wanasema jina lake ni agizo: tupa uchawi wako. Dondakoo huua kwa namna inayomfanya mzazi amtafute mchawi.

Mtazame mtoto wa miaka minne. Koo linauma, homa si kali. Anafungua mdomo, unamulika tochi, unaona utando wa kijivu umeng'ang'ania kwenye mafindofindo. Ukijaribu kuubandua, damu inachuruzika. Ukishuka hadi kwenye njia ya hewa, utando huo unaweza kumkaba. Ni kwa sababu ya utando huo daktari Mfaransa Pierre Bretonneau, mwaka 1826, aliupa ugonjwa jina kutokana na neno la Kigiriki la ngozi.

Kisha koo linapona. Wiki ya pili mtoto anacheza uani, anaanguka, anakufa. Au maji anayokunywa yanatokea puani, na jirani anashauri akatwe kimeo. Kimeo hakina kosa! Bakteria walibaki palepale kooni. Iliyosafiri ni sumu yao. Iliingia kwenye damu, ikafika kwenye misuli ya moyo na mishipa ya fahamu, ikazizuia seli kutengeneza protini. Molekuli moja tu ikipenya ndani ya seli yatosha kuiua. Na hili hunishangaza hadi leo: bakteria hawa hawakuzaliwa na sumu hiyo. Waliletewa na virusi vinavyowaingia wao wenyewe.

Dawa ya kuikabili sumu, tunda la kazi ya Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato mwaka 1890, huinasa ikiwa bado kwenye damu. Iliyokwisha kuzama ndani ya seli haishikiki tena, kwa hiyo usingoje majibu ya maabara ndipo uanze tiba.

Chanjo nayo huufundisha mwili kuitambua sumu, si bakteria. Imo ndani ya chanjo mseto ya Penta, anayopewa mtoto akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Wengi huihofia joto, lakini kuganda huiharibu vibaya zaidi. Kwa hiyo muuguzi anayeteremkia vijiji vya Bonde la Ziwa Rukwa huacha kwanza pakiti za barafu ziyeyuke kidogo. Huitikisa moja karibu na sikio; akisikia maji yakicheza ndani, ndipo anapoipanga pembeni mwa chanjo.