Kipindi Kirekodiwe, Watoto Wasirekodiwe

Mwezi Machi 2020, serikali nyingi za Afrika Mashariki zilipofunga shule ili kuzuia kuenea kwa UVIKO-19, shule chache zenye uwezo ziliwahamishia wanafunzi wao mtandaoni, na pamoja na uhamisho huo ikaingia desturi ambayo haikupata mjadala wa kutosha, yaani kurekodi kila kipindi kwa kuwa tu kitufe cha kurekodi kilikuwepo. Tanzania ilifungua shule zake zote tarehe 29 Juni mwaka huo, Kenya ikawarudisha wanafunzi wote Januari 2021, na Uganda haikumaliza kuzifungua zake hadi Januari 2022. Masomo ya mtandaoni hayakuondoka baada ya hapo, kwani yapo katika baadhi ya shule binafsi na katika masomo ya ziada ya jioni na ya likizo, na swali la kurekodi limebaki nayo.

Kipindi mubashara ni kile ambacho mwalimu na wanafunzi hukutana kwa wakati mmoja kupitia programu kama Zoom, Google Meet au Microsoft Teams, kila mmoja akiwa mahali pake. Kikirekodiwa, sauti, sura na maandishi yake hugeuka faili, nalo huhifadhiwa ama katika kompyuta ya mwalimu ama katika wingu, yaani katika kompyuta za kampuni ya nje ambazo mara nyingi haziko hata katika nchi ya mwanafunzi. Maneno yaliyokusudiwa kusikiwa na darasa moja kwa dakika 40 huweza hivyo kusikiwa na mtu yeyote mwenye kiungo, kwa muda wowote ambao faili hilo litadumu.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka kurekodi ni nzito na haifai kupuuzwa, kwa sababu umeme hukatika, bando huisha katikati ya somo, na katika nyumba yenye simu janja moja watoto wawili hawawezi kuhudhuria vipindi viwili vya wakati mmoja. Ipo faida nyingine inayotajwa mara chache. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta Bayolojia, Jiografia na Hisabati zikifundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi kinachomshinda si dhana yenyewe bali kasi ya lugha inayoibeba. Rekodi humruhusu kurudisha nyuma sentensi moja mara tano, kusimama, kutafuta neno katika kamusi na kuendelea, jambo ambalo darasani angelazimika kunyoosha mkono mara tano mbele ya wenzake ili alipate. Mwanafunzi mwenye usikivu hafifu naye hunufaika, kwa kuwa anaweza kuongeza sauti au kusoma maandishi yaliyowekwa chini ya picha.

Faida hizo, hata hivyo, hazimfikii mlengwa iwapo rekodi yenyewe ni nzito kuliko bando lake. Video inayopita kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa, ilhali sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, haizidi megabaiti 29. Mwaka 2020 mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNICEF la watoto na ITU la mawasiliano, yalikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto wa dunia wenye umri wa miaka 3 hadi 17 hawakuwa na intaneti nyumbani, na ni dhahiri kwamba mtoto aliyekosa kipindi kwa sababu ya bando hatakipata kwa kutumiwa video ileile. Sauti ya mwalimu pamoja na picha za ubao, zikitumwa kwa WhatsApp, humsaidia zaidi, na kwa bahati njema hupunguza pia tatizo la pili, ambalo ni kubwa kuliko la gharama.

Tatizo hilo ni kwamba kamera haichagui. Pamoja na somo hurekodi sura ya mtoto, jina lake lililoandikwa chini ya picha, ukuta wa nyumba yao, mdogo wake anayepita nyuma, na jibu lake lisilo sahihi. Kukosea ni sehemu ya kujifunza kwa sababu kosa la darasani husahaulika. Likihifadhiwa na kusambazwa huwa silaha mikononi mwa wenzake, na mwanafunzi anayelijua hilo huacha kuuliza. Kipindi kilichorekodiwa kwa ukamilifu kinaweza kwa hiyo kuwa kipindi kilichofundisha kidogo zaidi.

Sheria za eneo hili zimeanza kulitambua jambo hilo. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinazuia kuchakata taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na kinataka uchakataji huo ulinde maslahi bora ya mtoto. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa binafsi, kwa maana ya sheria hizi, ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, zikiwemo sura yake na jina lake. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Picha hizo hazikuwa rekodi za vipindi, lakini shule itakayoweka video ya darasa mahali pa wazi itajikuta mbele ya kifungu kilekile. Ridhaa nayo isichukuliwe kirahisi, maana mzazi anayeambiwa atie sahihi au mwanawe akose somo hajaulizwa kitu.

Mwalimu husahaulika katika mjadala huu. Katika jimbo la Hesse, Ujerumani, wizara ya elimu ilitaka ridhaa ya wanafunzi au wazazi kabla ya kurusha masomo kwa video, ikaona ya walimu si ya lazima. Baraza la wawakilishi wa walimu lilipinga, na tarehe 30 Machi 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba taarifa za walimu hao pia zinalindwa na kanuni za Umoja. Kesi hiyo ilihusu kurusha tu, kabla hata ya kurekodi. Huko Montréal, Kanada, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Concordia aligundua mwaka 2021 kwamba François-Marc Gagnon, mhadhiri wa historia ya sanaa aliyekuwa akimfundisha kwa video zilizorekodiwa, alikuwa amefariki mwaka 2019. Hakuna ubaya katika elimu ya marehemu kuendelea kuwafaa walio hai, ila mwanafunzi alistahili kuambiwa. Nchini Kenya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humpa mwajiri haki ya kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika utumishi wake, pasipo makubaliano mengine, na kwa hiyo mwalimu asiyeandikiana na shule anaweza kuondoka akaziacha nyuma sauti na sura yake zikiendelea kufundisha bila malipo.

Kupiga marufuku kurekodi hakutasaidia, kwani mwanafunzi mwenye simu ya pili atarekodi kwa siri. Kinachofaa ni mwalimu kurekodi maelezo yake mwenyewe na ubao, kuzima kinasa kabla ya maswali na majibu kuanza, na shule kuyafuta mafaili muhula unapokwisha. Mzazi atakayeletewa fomu ya ridhaa aulize kwanza faili litafutwa siku gani na nani atakayelifuta. Shule isiyo na jibu la maswali hayo haijawa tayari kurekodi, na mzazi ana haki ya kuirudisha fomu hiyo bila sahihi.