Simu ya Doha, laini ya Mombasa

Sisi tuliokulia Doha, simu zetu zinaishi nchi mbili. Kazini ni Ooredoo au Vodafone. Shangazi akipiga kutoka Mombasa kuhusu ada ya shule, ni M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye laini ya Safaricom tu.

Kwa hivyo kabla ya kamera, mimi naangalia tundu la laini. iPhone 17 zinazouzwa Qatar hazina tundu kabisa, ni eSIM tu. Zinazouzwa Ulaya bado zinalo. Sasa ile kadi yako ya Safaricom utaiweka wapi? Kuihamishia kwenye eSIM yawezekana, lakini maliza hilo ukiwa likizo nyumbani, kitambulisho mkononi.

Masafa si shida sana: 4G ya 800 na 1800 MHz ipo pande zote mbili. Simu feki ndiyo usiguse. Kenya ilizizima mwaka 2012, Tanzania 2016. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, ulinganishe na ya kwenye boksi.

Halafu palepale dukani weka laini zote mbili. Zikishika mtandao, ndio ulipe.