Ungo wa Longonot Usiachwe Uote Kutu

Msafiri ashukaye Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, akielekea Naivasha na Nakuru, hupita chini ya Mlima Longonot, kilipo kituo cha mawasiliano kilichofunguliwa mwaka 1970. Kabla yake, simu za ng'ambo zilitegemea mawimbi mafupi ya redio, ambayo hukatikakatika hali ya anga inapochafuka. Ungo wa Longonot ulielekezwa kwenye setilaiti juu ya Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, na sauti ya Nairobi ikasikika London.

Mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Nikiwa mwanaisimu nalifurahia jina hilo, lakini sijidanganyi: neno lilikuwa letu, chombo kilikuwa cha Wamarekani, na jukwaa la kukirushia la Waitaliano.

Nyaya za nuru zilipofika Mombasa mwaka 2009, setilaiti zilipoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Je, ungo utupwe?

Hasha! Mwaka 1961 NASA ilijenga antena huko Hartebeesthoek, Afrika Kusini, ya kuwasiliana na vyombo vilivyotumwa mbali angani. Wamarekani walipoondoka katikati ya miaka ya 1970, wenyeji waliifanya darubini ya redio. Ghana nayo iliuzindua upya ungo wake wa simu wa Kuntunse mwaka 2017 kwa kazi hiyo hiyo. Darubini kama hizo, zikisikiliza nyota moja kwa wakati mmoja, hufanya kazi kama darubini moja yenye upana wa bara zima. Longonot umetajwa katika mpango huo.

Najua tutaambiwa kwamba njaa na karo ndizo za kwanza. Ni kweli. Lakini kukarabati kilichopo ni nafuu kuliko kujenga kipya, na mwanafunzi wa fizikia wa Egerton, kule Njoro, angefika Longonot asubuhi na kurudi jioni.

Waliouita mtambo huu ungo hawakukosea. Kazi ya ungo ni kupepeta, na darubini ya redio hupepeta minong'ono ya nyota kutoka katika makelele ya dunia. Mwaka 1970 tulitoa jina. Safari hii tutoe na wapepetaji.