Kazi ya Kurithi: Wavuvi wa Hull

Kazi ya kurithi tunaijua: baba kibarua, mwana kibarua. Katika mji wa Hull, Uingereza, kazi iliyorithiwa hivyo ilikuwa kuvua samaki kwa meli kwenye bahari ya baridi kali karibu na Iceland na Norway. Mtaa wa Hessle Road ulikaa kwa kazi hiyo. Safari moja ilichukua majuma matatu hivi, kisha siku mbili tatu nyumbani. Siku ya kuondoka wanawake hawakufua nguo, wakiamini kwamba afuaye siku hiyo humpoteza mtu wake majini.

Adui mkubwa alikuwa barafu. Maji ya mawimbi huganda juu ya milingoti na kamba, meli ikawa nzito juu, na mabaharia wasipoivunja barafu kwa mashoka usiku na mchana, meli hupinduka.

Mwanzoni mwa 1968 meli tatu za Hull zilizama: St Romanus, Kingston Peridot na Ross Cleveland. Watu 58 walikufa. Katika Ross Cleveland aliokoka mmoja tu, Harry Eddom. St Romanus iliondoka tarehe 10 Januari bila mpiga simu ya upepo. Muda mfupi baadaye ilinyamaza, lakini tangazo la kuitafuta halikutolewa mpaka tarehe 26. Majuma mawili na zaidi! Ng'ombe wa tajiri akipotea hutafutwa jioni ile ile.

Hapo aliinuka Bibi Lillian Bilocca, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki. Baba yake alikuwa mvuvi, na mwanawe vile vile. Aliungana na Mary Denness, mke wa nahodha. Yvonne Blenkinsop, ambaye baba yake alifia baharini. Na Christine Smallbone, ambaye kaka yake ndiye aliyekuwa nahodha wa Ross Cleveland. Walikusanya sahihi 10,000. Bibi Bilocca alikwenda gatini kuzuia meli isiyo na mpiga simu, polisi wakamkamata mikono. Kisha wakaenda London kuonana na mawaziri, na madai 88 ya usalama yakakubaliwa, pamoja na mpiga simu katika kila meli na meli ya msaada yenye huduma ya tiba.

Yeye mwenyewe alifukuzwa kazi, akanyimwa kazi nyingine ya samaki, akaandikiwa barua za matusi. Alifariki 1988.

Jambo moja lilibaki. Kisheria wavuvi hao walihesabiwa vibarua, kila safari mkataba mpya. Iceland ilipotangaza mpaka wa maili 200 mwaka 1975, na Uingereza ikakubali 1976, meli zikauzwa na kuvunjwa. Mtu aliyevua miaka thelathini akarudi nyumbani bila kiinua mgongo. Ni mwaka 2000 tu ndipo serikali ilipoanza kulipa fidia: pauni 1,000 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho pauni 20,000. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na madai yao yakafuatwa na wajane na watoto.