Rangi za Fedha: Utangulizi kwa Mkusanyaji wa Sarafu

Fani unayoiingia inaanzia kwenye swali moja ambalo kila mkusanyaji wa sarafu za fedha hukutana nalo: rangi hii imekuja yenyewe, au imetiwa? Jibu lake laweza kupandisha bei ya sarafu maradufu na zaidi, au kuifanya ikataliwe na kila mnunuzi makini. Kulijibu kunahitaji kemia kidogo, historia ya namna sarafu zilivyohifadhiwa, na jicho lililozoeshwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo kinachotosha peke yake. Vyote vinakutana kwenye kanuni moja: rangi ya kweli ina njia iliyopitia. Anayeweza kuieleza njia hiyo ndiye anayeweza kutoa hukumu.

Tuanze na kemia. Kinachoibadili fedha hasa ni salfa. Huja kama gesi ya haidrojeni salfaidi, iliyomo hewani kwa kiasi kidogo mno, au hutoka katika kadibodi, karatasi, mpira na sufu. Ikigusana na fedha, huzaa salfaidi ya fedha, utandu unaojijenga taratibu juu ya sarafu. Utandu huo ukinenepa sana huwa mweusi. Ukiwa bado mwembamba, mwanga unaorudishwa na uso wake hukutana na ule uliopenya hadi kwenye fedha na kurudi. Baadhi ya mawimbi hufutana, mengine huongezana nguvu, na jicho huona rangi. Mafuta ya gari yakitanda juu ya dimbwi la mvua hufanya vivyo hivyo.

Kwa kuwa rangi hutegemea unene wa utandu, hazitokei ovyo. Huanza dhahabu hafifu, ikakolea kuwa kahawia yenye wekundu, ikafuata zambarau, kisha buluu, kisha samawati iliyopauka. Utandu ukiendelea kunenepa, mzunguko huanza upya: njano, waridi iliyokoza, na hapo ndipo kijani huchomoza. Mwishowe huja kijivu na weusi. Uweke mpangilio huu moyoni kabla ya kununua chochote. Kijani kikali kinachopakana moja kwa moja na fedha nyeupe, bila hatua yoyote katikati, kinadai maelezo.

Darasa bora la somo hili ni dola ya Morgan ya Marekani, iliyopewa jina la mchongaji wake, George T. Morgan. Ilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena mwaka 1921, kwa fedha ya asilimia 90 na uzito wa gramu 26.73. Sheria ya mwaka 1878 iliilazimisha Hazina ya Marekani kununua fedha kwa wingi kila mwezi na kuigeuza sarafu, ingawa wananchi hawakuzihitaji kwa wingi huo. Mamilioni yakabaki katika maghala, yamefungwa kwenye mifuko ya turubai, sarafu 1,000 kwa kila mfuko. Mingi ya mifuko hiyo ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndani yake zikaonekana dola chache zilizopambwa rangi za upinde wa mvua.

Tazama dola ya namna hiyo kwa karibu. Sarafu iliyoegemea kitambaa ilipata rangi upande mmoja, huku upande wa pili, uliolala juu ya wenzake, ukibaki mweupe. Mahali ambapo sarafu nyingine iliifunika nusunusu, rangi hukatika kwa mstari wa mviringo na kuacha umbo la mwezi mwandamo. Wakati mwingine nyuzi za turubai zenyewe zimeacha alama ya mfumo wake juu ya shavu la sanamu. Sasa chukua kioo cha kukuza uangalie herufi na nyota za ukingoni. Mara nyingi rangi hubadilika inapozikaribia: pembeni mwa herufi huachwa ukanda mwembamba ulio nyuma kwa hatua moja au mbili katika mpangilio ule ule. Chini ya rangi, mng'ao wa asili wa sarafu bado huzunguka unapoigeuza kwenye taa.

Sarafu zilizokaa katika albamu za kadibodi zina njia nyingine. Hapo salfa ilitoka kwenye kadibodi iliyozunguka ukingo, kwa hiyo rangi huanzia ukingoni na kuelekea kati kwa duara, nzito nje na hafifu ndani.

Mghushi hana miaka ya kungoja. Hutumia joto la oveni, moshi, unga wa salfa, au dawa ya salfa ambayo masonara huitumia kuyatia mapambo weusi. Haraka hiyo huacha ushahidi. Rangi hupita juu ya herufi na uwanda bila kujali, hujikusanya mabakabaka mahali dawa ilipotuama, huruka hatua za mpangilio, au huzima mng'ao. Chunguza pia mikwaruzo. Sarafu ya zamani kwa kawaida ina mikwaruzo iliyopata rangi na mingine iliyoikata rangi ikaonyesha fedha nyeupe, kwa sababu iligongwa kabla na baada ya utandu kuanza. Pale ambapo kila mkwaruzo, hata ule mpya kabisa, umefunikwa sawasawa, kuwa na shaka.

Hata hivyo, zipo sarafu ambazo wataalamu hawataafikiana juu yake. Utandu wa asili na wa kughushi waweza kuwa kitu kile kile kikemia, na nia ya binadamu haiandikwi kwenye madini. Kampuni za kupima sarafu, PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987, hukataa kuipa daraja la kawaida sarafu ambayo rangi yake inatiliwa mashaka. Hiyo ni hukumu ya uzoefu, na yafaa ichukuliwe hivyo.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, maarifa haya yana kazi nyumbani. Reale ya Maria Theresa, yenye fedha sehemu 833 kwa 1,000, imeendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780, hivyo mwaka ulioandikwa hausemi lolote kuhusu umri wa rangi yake. Rupia ya Kijerumani ina fedha karibu asilimia 92, lakini shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ina robo tu. Shaba yake huiletea kahawia na weusi usiofuata kanuni za dola ya Morgan. Sarafu iliyopita mikono mingi huwa kijivu juu na nyeusi mashimoni. Ukiiona imechakaa hivyo na bado inawaka buluu na waridi, muulize muuzaji ilikaa wapi.

Anza kwa kutazama sarafu nyingi ambazo historia yake inajulikana, kabla ya kutazama zinazouzwa. Na ikiwa nyumbani kwenu kuna sarafu ya fedha iliyofubaa, nakusihi usiisugue kwa majivu, limau wala dawa ya meno. Utandu ukishaondolewa haurudi kama ulivyokuwa, na pamoja nao huondoka ushahidi wote ambao fani hii imejengwa kuusoma.